Hisabati, Kasapa na upweke: yanayosemwa na yalivyo

Kila mwaka kampasi ya Kasapa, ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi hapa kwetu, hupokea wanafunzi wa hisabati waliokuwa wa kwanza darasani kwao Likasi, Kolwezi au Kamina. Baada ya miezi michache baadhi yao wananyamaza kabisa. Wanaingia oditwari (ukumbi wa masomo), wananakili ubao, wanarudi chumbani. Ukiwauliza, wanakujibu kuwa masomo ni magumu. Magumu kweli, ila mengi yanayowafungia ndani ni maneno waliyoyasikia tu kwa watu.

"Mwanahisabati wa kweli hufanya kazi peke yake."
Hapa hutajwa Mwingereza Andrew Wiles, aliyejifungia nyumbani kwake Princeton karibu miaka 7 akihangaika na teorema ya mwisho ya Fermat, dai lililokuwa limewashinda wanahisabati zaidi ya miaka 300. Wanaokipenda kisa hiki hukiishia katikati. Mwanzoni mwa 1993 Wiles alimfungulia siri mwenzake Nick Katz, amsaidie kukagua. Juni akatangaza matokeo Cambridge, kisha pengo likaonekana kwenye uthibitisho. Aliyekaa naye hadi likazibwa, Septemba 1994, ni Richard Taylor, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Hata Perelman, mwanahisabati Mrusi anayesifiwa kwa kujitenga na watu, alijenga juu ya njia ya mwanahisabati mwingine, Richard Hamilton. Na Paul Erdős, mwanahisabati wa Hungaria aliyefariki 1996, aliandika makala na watu zaidi ya 500: alikuwa akibisha hodi kwa wenzake na sanduku lake, wanapiga hesabu siku kadhaa, anahamia kwa mwingine. Mimi huyo ndiye ananivutia, ingawa nawahurumia waliokuwa wakimpikia.

Saa za kukaa wewe na swali lako zipo, tena ni za lazima. Ubaya ni kukaa nalo hadi wiki ya tatu bila kumwonyesha mtu.

"Wenzangu wote wameelewa, ni mimi tu."
Asistanti, yaani msaidizi wa profesa, anauliza kama kuna swali. Oditwari yote kimya, na kila mmoja anakichukua kimya hicho kuwa ushahidi dhidi yake. Jaribu hivi: somo likiisha, mwombe mwenzako wa promosyo (wa mwaka wako) akuandikie, bila daftari, maana ya fonksyo kuwa endelevu, yaani isiyoruka, kuanzia "kwa kila epsiloni": epsiloni ni kosa unaloruhusu kwenye jibu, delta ni umbali unaoweza kusogea bila kulipita. Kisha muulize: hiyo delta inategemea epsiloni peke yake, au pia nukta uliyosimama? Hapo kalamu husimama. Hata ukimuuliza mwanafunzi mkubwa wako, mazungumzo huwa haya:

"Yaya, hii delta inatoka wapi?"

"Hata mimi niliimeza tu, mdogo wangu."

Wala si aibu. Mwaka 1821 Cauchy, bingwa wa Ufaransa, aliandika kwamba ukijumlisha fonksyo endelevu bila mwisho na jumla ikatulia (ikakaribia thamani moja katika kila nukta), basi jumla hiyo nayo ni endelevu. Mwaka 1826 Abel wa Norway akaonyesha jumla ya fonksyo za sini, ambazo ni endelevu, inayotulia kila mahali lakini inaruka. Kosa lilitoka palepale kalamu ya mwenzako iliposimama: kipi kinategemea nukta, kipi hakitegemei. Jambo lilikuja kunyooshwa miaka ya 1840. Kilichowachukua mabingwa miaka 20 na zaidi, wewe unapewa kwa somo la saa mbili.

Kwa hiyo ukimfuata asistanti, usimwambie "sielewi kitu". Mpelekee karatasi, umwonyeshe mstari ulipokukatikia.

"Kusoma kikundi ni kuibiana."
Inategemea. Mkijadili ubaoni, mkafuta, kila mtu akaenda kuandika kwake, hakuna aliyeibiwa. Kupiga picha karatasi ya mwenzako usiku wa kuamkia intero (jaribio la darasani) ni jambo jingine. Watu watatu wanatosha. Wakizidi watano, kinakuwa kikao.

"Nyumbani hawajui hisabati, nitawaambia nini?"
Ramanujan, mwanahisabati wa India, alifika Cambridge mwaka 1914 na kumpata Mwingereza Hardy, mshirika ambaye yeyote angemtamani. Hesabu zake zilikuwa na mwenza. Jioni zake, hapana. Hakula nyama, hivyo alijipikia chumbani, na vita vikafanya vyakula alivyozoea kuwa adimu. Mwaka 1917 akaugua sana, 1919 akarudi India, na 1920 akafariki akiwa na miaka 32. Ugonjwa ndio uliomuua, lakini miaka ile ya upweke haikumsaidia.

Kwa hiyo Jumapili nenda kwa jamaa zako mtaa wa Katuba, ule bukari (ugali) na lengalenga (mchicha), mpige soga kuhusu umeme uliokatika na mpira. Mama anayeuza soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, hahitaji kujua integrali ili aone kwamba umekonda.

"Nitavumilia, mtihani ukipita nitakuwa sawa."
Uchovu wa mitihani hupita, ndiyo. Lakini ukikaa wiki mbili mfululizo usingizi umekataa, chakula hukitaki, hata vitu ulivyovipenda havikufurahishi, hizo ni dalili za sonona, na sonona ni ugonjwa wa kumpelekea daktari kama malaria. Mawazo ya kufa yakikujia, usingoje hata daktari: mwambie mtu saa hiyohiyo, awe mwenzako wa chumba, mchungaji au mlinzi wa getini, na usiku huo usilale peke yako.