Mbona pul rikwesti yako inakaa mwezi bila kuguswa

Vijana wengi wanaokuja kwa mafunzo yetu hapa Nairobi wananiuliza kitu kimoja, mbona nimetuma pul rikwesti, yaani ombi la msimbo wangu kuingizwa, kwa mradi fulani wa programu huria (ule ambao msimbo wake uko wazi kwa wote) na sasa ni mwezi hakuna mtu amejibu, na nikiomba nione walichotuma shida inaonekana saa hiyo hiyo, na mara nyingi si msimbo wenyewe.

Chukua mfano. Kuna fomu ya usajili inakataa nambari za simu zinazoanza na 01, kwa sababu aliyeiandika alizoea 07 peke yake, na hizi za 01 zilianza kutolewa Kenya 2019. Hiyo ni mstari mmoja tu. Sasa kijana anaurekebisha, lakini edita yake, ile programu ya kuandikia msimbo, inapanga upya nafasi za faili nzima, halafu njiani anaona jina la variabo, kile kisanduku cha kuhifadhia thamani ndani ya msimbo, halimpendezi analibadilisha pia, mwisho anatuma mistari mia nne na maelezo yanasema "nimefix". Msimamizi wa mradi, ambaye pengine anafanya hii usiku baada ya kazi ya mshahara, akifungua anakuta skrini yote imejaa nyekundu na kijani, yaani mistari iliyofutwa na iliyoongezwa. Atafunga alale. Hata mimi ningelala.

Njia yenyewe si ngumu. Unafoki mradi, yaani unapata nakala kwa akaunti yako, unafungua tawi, yaani mkondo wako wa kazi pembeni, unarekebisha kitu kimoja, unakomiti, yaani unahifadhi badiliko na maelezo yake, halafu unatuma pul rikwesti kuomba wachukue. GitLab, tovuti moja ya kuhifadhia miradi, wanaiita merji rikwesti, ni ile ile. Linux, ule mfumo endeshi, wao bado wanapokea patchi, yaani faili la marekebisho, kwa barua pepe, na lazima uweke mstari wa Signed-off-by wenye jina lako kuonyesha una haki ya kutoa hiyo kazi.

Kwa ile ya simu, maelezo ya kueleweka ni kama: fomu ilikataa nambari za 01, sasa inazikubali, nimeongeza testi za 0712, 0110 na +254110. Hizo testi, yaani msimbo mdogo wa kujaribu kama kazi inaenda sawa, ndizo zinampa anayesoma nafasi ya kupumua, maana mashine inaziendesha yenyewe na anaona zimepita kabla hajasoma chochote. Akirudi na swali, "na mtu akiandika 254 bila alama ya kujumlisha?", usikasirike, hajakukataa. Rekebisha kwa tawi lile lile, sukuma (yaani tuma badiliko kwa akaunti yako), ombi linajisasisha lenyewe.

Na kurivyu, yaani kukagua, kazi ya wengine usingoje upewe cheo, kwa maoni yangu hata ni vizuri uanzie hapo. Ingia kwa Ushahidi, programu ya kukusanya ripoti za wananchi kwenye ramani, iliyozaliwa hapa kwetu 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, ama OpenMRS, ule mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao Eldoret ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuutumia, chukua patchi ya mtu, iendeshe kwa laptopu yako, useme umeona nini. Wasimamizi wanakumbuka watu kama hao.

Wanaodhani kurivyu ni urasimu waangalie yaliyotokea 2024 kwa xz, programu ya kubana faili inayotumika sana kwa Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alituma marekebisho mazuri mpaka akaaminiwa kuwa msimamizi, na baada ya miaka zaidi ya miwili tangu aanze ndio akapenyeza mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Mradi ulikuwa umetegemea mtu mmoja aliyelemewa. Andres Freund aliyeugundua hata hakuwa anarivyu huo mradi, aliona tu kuingia kwa kompyuta ya mbali kwa njia ya SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akaanza kuchimba.

Kwa hivyo ukiona kimya wiki mbili hivi, andika sentensi moja ya heshima chini ya ombi lako kukumbusha. Usifungue lingine jipya la kitu kile kile, ukifanya hivyo sasa msimamizi ana mawili ya kusoma na yale maswali ya mwanzo yamebaki huko kwa la kwanza.