Kunyoa hakumwongezei farasi mdogo manyoya

Miongoni mwa wafugaji wa farasi wadogo nchini Marekani, yaani farasi ambao kimo chao mabegani hakizidi inchi 34 (kama sentimita 86), imedumu imani kwamba farasi akinyolewa kwa ajili ya maonyesho, manyoya yake yatarudi mazito na magumu zaidi. Ni imani ileile inayosikika kwa kinyozi kuhusu ndevu, na haina ukweli.

Mashine hukata unywele ulio juu ya ngozi, ambao hauna uhai. Kinyweleo kilichomo ndani, ambacho ndicho huamua unene wake, hakiguswi. Kinachodanganya mkono ni ncha: unywele usiokatwa huchongoka na kulainika kuelekea mwisho, ilhali uliokatwa huwa butu na hukwaruza kidole. Rangi nayo hudanganya jicho, kwa maana farasi mweusi aliyetoka kunyolewa huweza kuonekana wa kijivu kama panya, kisha weusi ukarudi kadiri manyoya yanavyokua.

Wingi wa manyoya huongozwa hasa na urefu wa mchana. Anayenyolewa karibu na majira ya baridi hurudisha manyoya mengi kwa sababu siku zinafupika, na lawama huangukia mashine. Ndiyo maana baadhi ya wafugaji huwasha taa zizini hadi mwanga ufikie saa 16 kwa siku, ili manyoya yapukutike mapema. Aliyenyolewa kungali na baridi, bila shaka, huhitaji kuvishwa blanketi.