Picha iliyopigwa Himbi inajuaje kwamba ni ya Himbi?

Makomisioneri wa nyumba hapa Goma wana kanuni moja ya kazi: onyesha nyumba, ficha mahali ilipo. Picha ya sebule itatumwa, ya vyumba itatumwa, hata ya choo cha ndani itatumwa, lakini avenyu haitajwi. Mteja akishaijua avenyu atakwenda kugonga mlango mwenyewe, na komisheni imekufa. Sasa tuseme komisioneri ana nyumba ya kupangisha kule Himbi. Mteja analalamika kwamba picha za WhatsApp zinamfikia zimefifia, naye kwa roho safi anamtumia upya zile zile, safari hii kama hati, ili zibaki na ubora wake. Kesho yake asubuhi simu inalia.

"Yaya, niko hapa mbele ya nyumba. Mlango ni ule wa bluu?"

"Nani amekuonyesha?"

"Foto yako njo imenionyesha."

Uchawi haumo. Mteja alifungua picha, akatazama maelezo yake, akakuta ramani ndogo yenye alama juu ya paa la nyumba ile ile. Komisioneri alinyamaza, lakini simu yake ilikwisha kusema.

Iliyasema wapi? Ndani ya faili yenyewe. Picha ya simu si rangi tupu. Mwanzoni mwa faili kuna maandishi ambayo huyaoni ukiitazama picha kwa kawaida, na mpangilio wake unaitwa Exif. Ulibuniwa Japani mwaka 1995, enzi kamera za kidijitali zilipokuwa bado changa, na nia ilikuwa njema: mpiga picha aweze kukumbuka alitumia lenzi gani, mwanga kiasi gani, siku gani. Simu ya leo inaijaza fomu hiyo kila unapobonyeza. Inaandika aina ya simu, tarehe, saa mpaka sekunde, na kama uliishika wima au imelala. Ikiwa umeiruhusu kamera kujua mahali ulipo, inaongeza latitudo, longitudo na mara nyingi kimo kutoka usawa wa bahari. Wengi wetu tuliruhusu siku ya kwanza ya simu mpya, pale swali lilipojitokeza na kidole kikabonyeza "ndiyo" ili kamera ifunguke upesi.

Jaribu sasa hivi. Fungua picha uliyopiga nyumbani, ivute juu kwa kidole au utafute neno "maelezo", kisha usome. Kwa picha ya Goma utakuta namba inayoanza na 1.6, kusini mwa ikweta, na nyingine inayoanza na 29.2 au 29.1, upande wa mashariki. Tarakimu hizo za mwanzo hazimpeleki mtu popote. Za mkiani ndizo zenye maneno. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Tarakimu ya pili baada ya nukta inakuleta ndani ya kilomita moja hivi, yaani unajua kata. Ya nne inakuleta ndani ya mita 11, na hapo tayari umesimama kwenye parseli ya mtu. Simu ya kawaida ikiwa chini ya anga wazi hukosea kwa kama mita 5. Kwa parseli za Majengo au Katoyi zilivyobanana, mita 5 ni tofauti ya mlango wako na wa jirani, basi.

Kuna wanaojifariji kwamba bila mega za intaneti simu haiwezi kujua iko wapi. Si hivyo. Satelaiti za GPS, zaidi ya 24, zinazunguka kwenye kimo cha kama kilomita 20,200 na kutangaza saa zake bila kukoma. Simu inasikiliza tu. Ikizisikia nne inapiga hesabu ya mahali ilipo. Haitumi kitu, haili unite. Unaweza kumaliza wiki nzima bila mtandao, picha zikaendelea kujiandikia mahali zilipopigwa, zikingojea siku utakaponunua mega.

Wakubwa wamenaswa na jambo hili. Mwezi Desemba 2012, John McAfee, yule aliyeanzisha kampuni ya kinga ya virusi vya kompyuta, alikuwa mafichoni akitafutwa na polisi wa Belize. Waandishi wa jarida la Vice waliokuwa naye wakatoa mtandaoni picha yake iliyopigwa kwa iPhone, nayo ilikuwa bado imebeba namba za mahali ilipopigwa. Dunia nzima ikajua yuko Guatemala, na baada ya siku chache akakamatwa huko. Mtu aliyetajirika kwa kuuza ulinzi wa kompyuta! Kisa cha Iraq ni kizito zaidi. Jeshi la Marekani limeeleza kwamba mwaka 2007 askari wake walipiga picha helikopta mpya zilizofika kambini na kuzipandisha mtandaoni. Adui akasoma namba zilizokuwa ndani, akapiga kwa makombora, na helikopta nne za Apache zikateketea.

Kumbe basi kila picha unayotuma inakuchongea? Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaibana ili iwe nyepesi, na katika kubanwa huko yale maandishi yanaanguka njiani. Ukiituma kama hati, inakwenda nzima na kila kilichomo. Kwa barua pepe inakwenda nzima. Kwa Bluetooth vilevile. Facebook huyaondoa kwenye nakala ambayo watu wanaiona, lakini kampuni yenyewe, kwa maneno ya sera yake, inayasoma na kuyatunza. Kwa hiyo dawa ya upande huu ni rahisi: ingia kwenye mipangilio ya simu, nenda kwenye ruhusa za kamera, zima ya mahali. Picha zitabaki nzuri vilevile.

Hata hivyo mimi nasema woga wa namba ni nusu tu ya woga unaostahili. Nusu ya pili haizimwi kwenye mipangilio, kwa sababu iko machoni pa kila mtu.

Mwaka 2018 ilisambaa video ya watu wenye sare za jeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wao. Serikali ya Kamerun mwanzoni ilikana kwamba ni kwake. Video haikuwa na namba wala jina la kijiji. Waandishi wa BBC Africa Eye wakachukua mstari wa milima unaoonekana nyuma kwa sekunde chache, wakaulinganisha na picha za satelaiti, wakafika karibu na mji wa Zelevet, kaskazini kabisa mwa Kamerun. Kisha wakapima vivuli vya watu, wakapata kwamba ilikuwa kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili 2015. Pale ujuzi huo ulisaidia haki. Lakini ujuzi ni ule ule, awe nao mwandishi au mwizi.

Na Goma, jamani, ni mji rahisi kusomwa kuliko miji mingi. Nyiragongo, mita 3,470, iko kaskazini; ziwa liko kusini. Ukipiga picha uani na mlima ukatokea nyuma ya kichwa chako, umeshamwambia mtu kamera ilitazama wapi. Ukiongeza antena au mnara wa kanisa kwa mbali, ana mstari wa pili, na mistari miwili inakutana mahali pamoja. Sisemi watu wasipige picha na Nyiragongo. Nani atakaa Goma bila kupiga picha na Nyiragongo? Ila kuna tofauti kati ya picha ya mlima kutoka ufukweni, mahali pa watu wote, na picha ya mlima kutoka dirisha la chumba unacholala. Hata macho yanaweza kusaliti: mwaka 2019 huko Tokyo, mwanamume mmoja alimtafuta msichana mwimbaji mpaka kituo chake cha treni kwa kukuza picha ya uso wake na kusoma kilichoakisiwa ndani ya mboni. Kamera za simu zimekuwa kali kiasi hicho.

Kinachonisumbua zaidi ni mwezi wa saba, wakati wa proklamasio. Mtoto amefaulu, amemwagiwa poda kichwani, familia inacheka, na mama anapandisha picha ya buletini kwenye statu: jina, post-nomu, darasa, shule, asilimia. Sare ya nchi nzima ni bluu na nyeupe, haisemi shule, buletini inasema. Wiki iliyofuata kuna picha ya kuzaliwa yenye keki ya namba, kwa hiyo umri umejulikana. Kisha picha ya dereva wa taksi-moto anayempeleka mtoto kila asubuhi, "Mungu akubariki papa kwa kazi yako". Kila picha peke yake haina ubaya. Zikikaa pamoja, mtu asiyemjua mtoto huyo anaweza kumsimamisha nje ya shule akimwita kwa jina, akamtajia mama yake, akamwambia yule dereva amepata hitilafu leo. Hapo hakuna Exif wala satelaiti.

Hata wanaojua kuficha wanaficha vibaya. Kalamu ya kupaka iliyo kwenye simu mara nyingi ina rangi inayopenyeza. Mtu akiongeza mwanga wa picha, namba uliyoipaka inarudi. Kuzungusha uso ukawa kama maji yanayokwenda kwenye shimo nako si kinga: mwaka 2007 wataalamu wa polisi wa Ujerumani waliurudisha uso wa mhalifu aliyeutia kizunguzungu, Interpol ikautangaza, akakamatwa Thailand. Kukata picha nako kuliwahi kuwa na tobo lake. Mwezi Machi 2023 iligunduliwa kwamba chombo cha kukata picha kwenye simu za Google Pixel kilikuwa kinaacha sehemu iliyokatwa mkiani mwa faili, na ingeweza kufufuliwa. Tobo hilo limezibwa, lakini picha zilizokwisha tumwa kabla yake hazikuzibika. Ukitaka kufunika, weka kisanduku cheusi kizito, kisha piga picha ya skrini na utume hiyo.

Kuhusu uso wenyewe nitapita haraka, maana hapo mtu wa kawaida hana mengi ya kufanya. Mwezi Januari 2020 ilifichuka kwamba kampuni ya Marekani, Clearview AI, ilikuwa imekusanya zaidi ya picha bilioni 3 kutoka mitandao ya kijamii bila kumwuliza mtu, ikauza kwa polisi uwezo wa kuutambua uso wowote. Mwaka 2024 Uholanzi iliitoza faini ya euro milioni 30.5. Nenosiri likiibwa unabadilisha, uso utabadilishaje? Na wale wanaopenda kuinua vidole mbele ya kamera: mwaka 2014 mdukuzi wa Ujerumani, Jan Krissler, alionyesha alama ya kidole cha waziri wa ulinzi wa wakati huo, Ursula von der Leyen, aliyoitoa kwenye picha zilizopigwa mkutanoni kwa kamera za kawaida.

Sheria ipo. Kongo ina Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuna ulinzi wa data za mtu. Lakini sheria inafika baada ya picha kufika, na picha inakwenda mbio. WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku 2 na saa 12 hivi, huku kundi moja likiweza kuwa na watu 1,024, wengi wao simu zao zikipakua kila picha moja kwa moja.

Ndiyo maana kuna desturi moja ya makundi yetu ambayo ningependa ibadilike, ingawa inatoka kwenye wema: kadi iliyookotwa. Mtu ameangusha kadi ya mpiga kura pale Birere, msamaria mwema anaipiga picha na kuirusha kwenye makundi matano: "Mwenye kadi hii anitafute." Kwetu kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha kila kitu. Ndiyo unayoonyesha ukiandikisha laini ya simu, na laini ndiyo inayobeba pesa zako za M-Pesa au Airtel Money. Juu yake kuna uso, majina yote, siku na mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi, anwani na namba. Umemtafutia mwenyewe kadi yake, na papo hapo umewagawia maelfu nakala yake.

Redio za mjini bado zinasoma matangazo ya vitu vilivyopotea, na redio inahitaji jina tu. Ukiona lazima uirushe kwenye kundi, funika namba, anwani, siku na mahali pa kuzaliwa na majina ya wazazi kwa kisanduku cheusi, acha jina na uso. Itakusaidia hata wewe uliyeiokota: atakayekuja kuidai, mwulize alizaliwa wapi na mama yake anaitwa nani. Kama uliyafunika, wa kundini hana pa kuyasoma.