Simu za Luciano Moggi

Likitajwa neno upangaji wa matokeo, wengi wetu tunawaza bahasha ya fedha. Katika kesi ya Luciano Moggi, kiongozi wa zamani wa klabu ya Juventus ya Italia, ushahidi mkubwa ulikuwa simu.

Moggi alizaliwa 1937 Monticiano, karibu na Siena, akafanya kazi ya reli kabla ya kugeukia kusaka vipaji. Alipitia Roma, Lazio, Torino na Napoli ya enzi za Maradona. Mwaka 1994 akawa mkurugenzi mkuu wa Juventus. Kwenye usajili alikuwa fundi, hilo hata mahasimu wake hawabishi: 2001 alimuuza Zidane kwa Real Madrid, msimu huohuo wakatua Buffon, Thuram na Nedvěd.

Mei 2006 magazeti yakachapisha mazungumzo yaliyonaswa na wapelelezi. Moggi alisikika akiongea na Pierluigi Pairetto, mmoja wa wawili waliokuwa wakiteua waamuzi wa Serie A, ligi kuu ya Italia. Baada ya sare ya 2-2 ya Juventus na Djurgården ya Sweden, Agosti 2004, alimlalamikia mwamuzi Mjerumani kana kwamba anamsema kibarua wake. Hapo ndipo penye somo: kanuni za michezo hazingoji rushwa ikabidhiwe. Kiongozi wa klabu kujenga ukaribu wa siri na mteuzi wa waamuzi ni kosa tayari.

Juventus ilipokwa ubingwa wa 2005 na 2006, ikashushwa Serie B, daraja la pili, kwa mara ya kwanza katika historia yake na, baada ya rufaa, ikaanza ligi na pointi 9 pungufu. Moggi alifungiwa miaka 5. Mwaka 2011 ikawa maisha.

Kesi ya jinai ilikwenda njia yake. Mahakama ya Napoli ilimhukumu miaka 5 na miezi 4, rufaa ikapunguza hadi 2 na miezi 4. Machi 2015 mahakama ya juu ikafuta mashtaka makuu kwa sababu ya ukomo wa muda. Wapo wanaosema alisafishwa. La hasha: ukomo maana yake ni kwamba muda wa dola kuadhibu umekwisha.

Yeye amekana siku zote, akidai klabu nyingine nazo zilipiga simu. Na kweli, kanda zilizoibuka baadaye zilimnasa hata kiongozi wa Inter, klabu iliyopewa ubingwa wa 2006. Mwaka 2011 mwendesha mashtaka wa shirikisho la soka la Italia, Stefano Palazzi, aliona Inter ingeweza kushtakiwa, ila nako muda ulikuwa umepita. Ubingwa ule bado ni wa Inter.