Mafua hayataki rangi mbili

Juzi kati aliingia mama mmoja chumbani kwangu kliniki, katoka Matondoni na boti ya asubuhi, mtoto wa miaka miwili mgongoni makamasi yamemshuka mpaka mdomoni, na kabla sijauliza kitu akafungua pindo la leso akatoa chupa ya amoksilini, antibaiotiki ya kuua bakteria, imebaki robo. "Hii alipewa kakake mwezi uliopita, daktari, nimempa vijiko viwili tangu jana sioni kitu, sasa nataka ile yenye nguvu."

Nikaitazama ile chupa. Dawa ya unga ya watoto ikishatiwa maji inakaa wiki moja, ikizidi sana wiki mbili na hapo iwe kwenye friji, sasa hii ya mwezi mzima juu ya kabati na joto letu hili la Lamu hata mimi sijui alichonywa yule mtoto ni kitu gani.

Basi tukamvua shati. Nikamwambia mama shika simu yako utazame saa, mimi nahesabu kifua kinavyopanda, dakika nzima sio nusu, na mtoto awe ametulia manake akilia hesabu inaharibika. Zikaja 34. Hii hesabu naomba kila mzazi aijue kwa sababu haitaki mashine: mtoto chini ya miezi 2 akifika 60 au zaidi kwa dakika ni hatari, miezi 2 mpaka mwaka ni 50, mwaka mmoja mpaka mitano ni 40. Ukiona hivo, au nyama chini ya mbavu inabonyea ndani akivuta pumzi, au hanywi, au amelegea haamki, usingoje kesho tafuta boti saa ile ile, inaweza kuwa nimonia na hapo antibaiotiki ni lazima na haraka. Huyu wetu alikuwa anataka kuninyang'anya kalamu. Mafua, basi.

Sasa mafua yanaletwa na virusi, na hivyo virusi ni jamii kubwa, ile familia moja tu ya rinovirusi ina aina zaidi ya 100, ndio maana ukipona ya kusi unashikwa tena kaskazi ikiingia. Amoksilini kazi yake ni kuharibu ukuta wa bakteria. Kirusi hakina ukuta huo, ni kama kumlipa fundi akabomoe ukuta kwenye kiwanja kitupu, pesa imekwenda na ukuta haukuwepo. Anayeumia ni bakteria wazuri wa tumboni, ndipo mtoto anaanza kuharisha na vipele halafu tunaambiwa ni meno.

"Lakini makamasi yamegeuka kijani!" Naam, yanageuka. Ile rangi inatoka kwa chembe nyeupe za damu zinapopigana, zina kemikali ya kijani ndani yake, kwa hivyo rangi peke yake hainiambii kama ni bakteria.

Kinachotudanganya sote ni siku. Koo linachukua kama wiki, mafua kama siku 10, kikohozi chaweza kufika wiki 3 na bado ni kitu cha kawaida. Mtu anavumilia siku nne, ya tano ananunua zile kepsuli za antibaiotiki za rangi mbili kemisti, ya nane kapona, na sifa zote anapewa kepsuli. Angekunywa maji ya madafu angepona siku hiyo hiyo.

Na sisi tunaoandika dawa tusijitoe. Foleni ikiwa imefika nje kwenye jua, kuandika amoksilini ni sekunde kumi, kueleza haya yote ni dakika tano, na mtu katumia nauli ya boti unaona haya kumrudisha na panadoli tu. Nimeandika hivyo mara nyingi, sikatai. Baadaye nikaja kugundua wengi hawakuwa wanataka dawa, walitaka kusikia kama ni hatari au la.

Ila msije mkageuza maneno yangu. Yako mafindofindo ya bakteria, hasa kwa watoto wa miaka 5 mpaka 15: homa, koo linauma bila kikohozi, usaha kooni, tezi za mbele ya shingo zimevimba ukizigusa analia. Huyo tunampa penisilini siku 10 kamili au sindano moja ya kukaa mwilini muda mrefu, kwa sababu akiachwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi ikamla vali za moyo.

Hiyo "yenye nguvu" mnayoiulizia, mara nyingi ni azithromaisini ya siku tatu. Haina nguvu kuliko nyingine, ni tofauti tu, na Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limeiweka kundi la dawa za kuchungwa, amoksilini iko kundi la kuanzia. Tukiimaliza kwa mafua itakuja kukataa kufanya kazi siku tunaihitaji kweli. Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria ulihesabiwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Kwa mtu mzima wa mbali, tuseme Kizingitini au Kiunga, ambaye nikimwambia rudi siku ya tatu namtesa tu, na nikimpima sioni dalili mbaya, mimi huona bora karatasi ya akiba: naandika dawa, lakini asiinunue mpaka zipite siku kadhaa na hali inazidi badala ya kupungua. Uingereza wameijaribu sana na wengi huishia kutoinunua.

Yule mama nilimwandikia kwenye kijitabu cha mtoto namba 40 kubwa kwa kalamu nyekundu, panadoli kwa uzito wake, maji ya chumvi ya kusafisha pua, asali kijiko usiku (chini ya mwaka mmoja asali marufuku kabisa). Akaangalia, akaniuliza, "Na chupa yangu?" Nikamwambia niachie. Akasita kidogo, akanipa, ila mfuniko akaurudisha kwenye leso, ati utamfaa kwa kitu kingine.