Kamba, dari na maiki mbili juu ya dramu

Kwenye sanduku langu la maiki kuna kipande cha kamba ya katani, urefu wake mita moja na nusu hivi. Vijana wanaokuja kurekodi kwangu hapa Mtwara hudhani ni ya kufungia stendi zinazoyumba. Kumbe siku ya dramu ndicho kifaa cha kwanza kutoka.

Nilianza kuitumia baada ya kuaibika. Nilirekodi kwaya yenye bendi kamili, nikaning'iniza maiki mbili juu ya dramu, moja kushoto na moja kulia, nafasi kwa makadirio ya macho. Kwenye hedifoni ilikuwa raha tupu: matoazi yametanuka, tomu, zile ngoma za kati, zinatembea kutoka sikio hili hadi lile. Wiki chache baadaye nikausikia wimbo uleule stendi ya mabasi, kwenye spika moja ya muuza nyimbo. Snea, ile ngoma kali iliyo mbele ya mpigaji, ilikuwa imekonda, inalia kama kopo tupu la maziwa.

Spika moja huchanganya kushoto na kulia pamoja, na hapo ndipo makosa yangu yalipojitokeza. Tuseme maiki moja iko mbali na snea kuliko mwenzake kwa sentimita 17. Kwa joto letu la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo inachelewa nusu milisekunde. Kidogo mno, utasema. Lakini wimbi la hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, hutumia nusu milisekunde kupanda na nusu nyingine kushuka. Maiki ya kwanza ikipokea mpando, ya pili inapokea mshuko, ukizijumlisha zinafutana. Hivyohivyo kwenye 3,000 na 5,000. Ikwalaiza, kile kirekebisha toni, haiwezi kupandisha kitu ambacho hakipo.

Ndiyo maana ya kamba. Mpigaji anabana ncha moja katikati ya ngozi ya snea, mimi naivuta hadi kwenye kichwa cha maiki ya kwanza, nabana kwa vidole pale ilipofika, kisha nahamia ya pili. Zilingane. Kiki, ngoma kubwa ya kukanyaga, nayo ikilingana ni bora zaidi, na ukijaribu utaona jozi yako inakaa mshazari, haifuati tena kiti cha mpigaji. Msiogope, picha ya sauti inakaa sawa.

Umbali ukishalingana ndipo tuzungumze mitindo ya kupanga hizo maiki mbili. Ya XY, vichwa viwili vimekaribiana kabisa vikitazama pande mbili kwa pembe ya nyuzi 90, haina mchezo kwenye spika moja, ila dramu hukusanyika katikati. ORTF, iliyopewa jina la shirika la utangazaji la Ufaransa, huachanisha maiki kwa sentimita 17 na pembe ya nyuzi 110. Inapanua bila kuharibu sana. Jozi iliyoachana mbali ndiyo pana kuliko zote na ndiyo iliyoniumbua.

Mimi ninayoipenda ni ya Glyn Johns, fundi sauti wa Uingereza: maiki moja juu ya snea, kama mita moja hivi, nyingine pembeni ya tomu kubwa ya chini, imeinuka kidogo kuipita ngozi yake na kutazama upande wa haihati, yale matoazi mawili ya kukanyaga, umbali uleule kutoka kwenye snea. Nina sababu moja kubwa: dari. Vyumba vingi tunavyogeuza studio huku ni vya kuishi, na juu kuna bodi au bati tupu. Maiki ikiwa sentimita 30 chini ya dari, sauti inayopanda, ikagonga na kurudi, inakuwa imetembea sentimita 60 za ziada, na shimo la kwanza, yaani pale sauti zinapofutana, linaangukia chini kidogo ya hezi 300, penye unene wa snea na tomu. Ushauri wa kupandisha maiki ili dramu ipate hewa ni wa watu wenye kumbi. Kwangu maiki ya pili iko pembeni, mbali na dari, na juu ya ile ya kwanza nimefunga godoro la sufi. Magunia matupu ya korosho nilishajaribu: yanakata mng'ao wa matoazi tu, mvumo unabaki palepale. Na kuanzia Desemba hadi Aprili, chini ya bati, ulizeni mbingu kabla ya kupanga siku.

Kanisani penye paa refu naachanisha maiki bila wasiwasi, ila kwa kamba. Vilevile kwa kikundi cha sindimba chini ya mwembe, ambako hakuna dari kabisa. Hapo napima kutoka kwenye ngoma kuu. Shida ya pale ni muda. Ngozi hukazwa kwa moto na zikipoa zinalegea, kwa hiyo naomba ngoma moja tu iletwe ipimiwe ikiwa baridi, naweka alama za chokaa chini, ndipo wanazipeleka zote motoni.