ALT imeshuka, kwa hiyo ini limepona?

Jumamosi sokoni Mwanjelwa, Mbeya, baridi ikiuma, muuza dawa mwenye spika kaninyooshea karatasi. "Soma mwenyewe, dokta. Panya walipewa sumu, wakanywa dawa, ALT ikashuka. Ini limesafishika, na kifuko cha nyongo pia." Panya mkubwa wa maabara, yule Waingereza wamwitaye "rat", hana kifuko cha nyongo, mzee wangu. Ila hilo namsamehe.

ALT haipimi kazi ya ini. Ni kimeng'enya cha ndani ya seli za ini, kinachopimwa kwenye damu. Seli ikiharibika, kinavujia kwenye damu. Ukiona maji yanatiririka uani, bomba limepasuka. Yakikauka, ama fundi kaja, ama tenki limekwisha. Ini lililojaa makovu linaweza kuonyesha ALT ya kawaida kabisa, kwa sababu seli za kuvuja zimebaki chache. Kazi ya ini itazame kwenye albumini, bilirubini na muda wa damu kuganda. AST, kimeng'enya kingine wanachokipima, usiniulize: hata misuli inayo, na ukikamua damu mkiani mwa panya vibaya chembe nyekundu hupasuka, namba ikaruka.

Kinachoniudhi hasa ni karatasi kutosema dawa ilitolewa lini. Kaboni tetrakloridi, sumu ya majaribio kama hayo, huliumiza ini pale ini lenyewe linapoivunja. CYP2E1, kimeng'enya cha ini, huigeuza kuwa radikali, molekuli kali inayounguza mafuta ya tando za seli, na zinazoungua kwanza ni zile zilizouzunguka mshipa wa kati. Sasa mnyweshe panya majani wiki nzima kabla ya sumu. Yakiizuia CYP2E1, sumu haiamki. Hapo hakuna ini lililotibiwa, kuna ini ambalo halikuguswa. Mteja wa Mwanjelwa anakuja akiwa ameshaumia.

Ukitoa dawa baada ya dozi moja ya sumu, ini la panya hujirudi lenyewe. Watafiti Higgins na Anderson walionyesha mwaka 1931: kata theluthi mbili ya ini la panya, baada ya wiki chache limejaa tena. Kundi la kulinganishia, lililopewa sumu kisha maji matupu, lilikuwa wapi? Kwenye karatasi ile halimo.

Nami sijitoi. Slaidi ya ini la panya niliyoipa alama 2 ya uharibifu asubuhi, jioni naipa 3, na nikijua panya katoka kundi gani jicho linaegemea. Siku hizi mwenzangu hubandika plasta juu ya lebo kabla sijakaa kwenye hadubini. Tofauti kati ya makundi yangu imekuwa ndogo kuliko nilivyozoea kuiona.